Mshale Niliousahau


Wewe uliyefungua hapa, nakusihi, haya yabaki kifuani mwako. Neno moja likitoka, mama yangu atalala mahabusu.

Jumatatu, 4 Machi
Mimi ni karani tu wa kituo cha polisi. Tangu amri ya kusalimisha redio itoke, watu wanaleta zao kaunta. Natoa betri, nafunga kikaratasi chenye jina la mwenyewe, nasogeza mshale hadi mwisho wa masafa. Sajenti ndiye aliyetufundisha hilo la mshale. Ati redio isahau ilichokuwa inasikiliza. Akacheka peke yake.

Leo bibi mmoja aliing'ang'ania yake. “Kwani kujua habari nako ni kosa, mjukuu wangu?” Nikatoa betri, nikaandika jina lake.

Jumanne, 5 Machi
Kaka alichukuliwa mwezi uliopita. Kituoni kwetu wanasema hawamjui. Jirani kamnong'oneza mama: ile stesheni iliyopigwa marufuku husoma majina ya waliokamatwa, na walikopelekwa. Saa moja jioni.

Mama hakuniomba kitu. Alisema tu, “Si unashinda na redio kutwa nzima, mwanangu?”

Jumatano, 6 Machi
Nimechukua redio moja stoo ya kituo. Ndogo, imeenea kwenye kopo langu la chakula. Betri tulitoa kwenye tochi. Tukajifunika blanketi, mimi na mama, jasho linatutoka.

Wamemtaja. Yuko hai — karakana ya zamani ya reli. Mama aliuma shuka asipige kelele.

Alhamisi, 7 Machi
Niliirudisha asubuhi, kabla Sajenti hajafika. Betri nimetoa. Kikaratasi kipo. Nikajipongeza.

Saa nne akatoka nayo stoo.

“Dada karani, zote zimelala mwisho. Hii mbona imesimama katikati?”

Mshale. Nilisahau kuurudisha mwisho. Nikasema labda umesogea wakati wa kubeba.

“Basi una miguu mizuri. Umetembea mpaka stesheni ile ile.”

Hakucheka. Kaitia mfukoni. Kesho saa mbili mkuu wa kituo ananitaka, peke yangu.

Mama kaenda karakana na nguo za kaka. Hajui lolote la leo.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, nisiporudi, mwambie mama asiniulizie kaunta. Azunguke nyuma, dirisha la jiko la mahabusu. Mpishi ni mwanamke mnene, mkali, ila mtu wangu. Ampe sweta yangu ya bluu. Ikipokewa, nimo ndani. Ikirudishwa, nimehamishwa — atafute redio popote, saa moja jioni, asikilize jina langu.