Nyota za Friji

Claudia, nimekwisha! Baba mkwe kanifungia chumbani!

Si aliniagiza kiyoyozi cha nyota tano, kisichokula umeme? Masasi nikapata cha nyota mbili. Nikabandua kibandiko cha nyota tano kwenye friji langu, nikakibandika pale. Nani angejua?

Nikasahau mzee alikuwa mpima korosho enzi za Ujamaa. Haamini karatasi, anaamini mizani.

Kaziba madirisha kwa vitenge, kawasha kiyoyozi, kaniachia kipimajoto, kafunga mlango. Yeye yuko nje anasoma mita ya luku. "Masaa mawili, hatufungui katikati!" HATUFUNGUI, Claudia! Natetemeka kwa baridi, na uniti zinavyokwenda mbio namsikia anazihesabu kwa sauti.

Sasa kaacha kuhesabu. Kaenda jikoni.

Karudi mlangoni. Anauliza taratibu: "Mama Gregory, hivi friji lako lilikuwa na nyota ngapi?"