Mama Hakusoma Vibaya

Ras Kitau, Manda,
Lamu.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Mpendwa ndugu yangu Hamid,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Habari za Maskati? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia? Shifaa na watoto hawajambo? Nawaombea afya kila nikiwakumbuka, na nawakumbuka sana.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mgongo. Tunabeba mchanga na mawe kutoka ufukweni hadi juu, kwenye nyumba ya wageni inayojengwa. Huu ni mwezi wa tano sijafika nyumbani Siyu. Kwa kutazama ramani utadhani ni karibu, lakini tunapumzika siku moja tu kwa wiki, na siku moja haitoshi kwenda na kurudi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nimekwisha kuandika mara tatu na kufuta mara tatu.

Ni juu ya mama yako. Mke wangu Rumaisa aliniambia kwamba ulimkaripia kwa simu kwa kukosa boti siku ya madaktari wa macho. Ulimwambia kuwa umehangaika mwaka mzima apate nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, naye akashindwa kuamka mapema. Hamid, mama aliamka mapema. Mwenye kosa ni mimi.

Unaijua tovuti yangu ya boti kati ya bandari ya Mtangawanda na Amu mjini. Boti inafuata kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Nahodha Athman hunipa saa, mimi naandika: Boti ya kesho, saa fulani. Ni hayo tu. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili nikawa na kitu changu ambacho watu wanakitazama. Mama yako ndiye aliyekuwa akijivuna nacho kuliko wote. Alikuwa akiwaambia wanawake wa mtaani wasimsumbue Athman kwa simu, watazame kwa Abubakr.

Mwezi wa kumi tovuti ilikufa. Ukiifungua ni ukurasa mweupe na maneno kwamba kuna hitilafu kubwa. Nilihangaika siku mbili, kila tukipumzika kazini. Nikazima zile programu ndogo zinazoisaidia tovuti, moja baada ya moja, hadi nikapata iliyokuwa ikiiangusha. Nikaitoa. Kisha kwa kiburi cha ushindi nikaweka nyingine ya kuongeza kasi, maana huko kwetu mtandao ni wa kukokota. Sikusoma maelezo yake. Niliona tovuti inafunguka upesi, nikafurahi.

Kumbe ile programu hufanya kasi kwa kuweka nakala ya ukurasa na kumpa kila mgeni nakala hiyo hiyo. Mimi nilibadilisha saa kila jioni, na kwenye simu yangu nikaona sawa, kwa sababu mwenye tovuti akiwa ameingia kwa neno lake la siri haonyeshwi nakala. Wengine wote walikuwa wakiona saa ya tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi. Na kwa kuwa mimi niliandika "kesho" bila tarehe, nani angejua kuwa ni kesho ya zamani?

Watu wawili waliniandikia kwamba saa si sahihi. Niliwajibu kuwa simu zao ni kuukuu.

Tarehe tano mwezi huu, siku ya madaktari, boti iliondoka saa moja asubuhi. Mama alifika Mtangawanda saa mbili na nusu, na mfuko wake wa nguo, akaketi kungoja boti ya saa tatu. Walipomwambia imekwisha kwenda alinipigia. Nilikuwa juu ya jukwaa, mikono imejaa saruji. Nikaifungua tovuti, nikaona saa moja, nikamwambia, "Mama mdogo, hapa mbele yangu imeandikwa saa moja. Wewe umesoma vibaya."

Akasema, "Basi ni mato yangu, mwanangu. Hayana kazi tena."

Kesho yake alikwenda Amu kwa madaktari. Alikuta upasuaji wote umefanywa siku ya kwanza, ya pili ni ya kufungua bandeji tu.

Siku nne baada ya mama kukosa boti, Cherotich, dada ambaye tayari anapokea maombi ya vyumba hapa, alitaka kwenda Pate kutembea. Akafungua tovuti yangu, akaniuliza mbona Athman amemwambia saa nyingine kabisa. Nikaanza kumjibu kama nilivyowajibu wale wawili. Yeye akaweka simu yake juu ya mfuko wa saruji, na yangu kando yake. Ya kwake saa tatu, ya kwangu saa tano. "Hebu toka kwenye akaunti yako," akaniambia, "uone wanachokiona wenzako." Nikatoka, nikaifungua upya. Saa tatu.

Hamid, mama yako alisoma sawasawa kwa macho yake mabovu. Asiyeona nilikuwa mimi.

Kuitengeneza kulichukua robo saa. Nilifuta nakala zote, nikaamuru ukurasa wa saa usihifadhiwe kamwe, nikaandika tarehe kamili, na chini namba ya Athman. Sasa kila jioni naitazama kwa simu ya Cherotich kwanza. Pia nimeandika juu kabisa kwamba kwa siku kumi na sita saa zilikuwa mbovu kwa kosa la mwenye tovuti. Athman sasa ananiita Bwana Kesho, na wenye boti wote wamelishika jina. Wacha waniite.

Lakini mama bado sijamwambia. Siku ya nane leo tangu nijue. Rumaisa anasema mama amemkabidhi simu yake, hataki kuisoma. Ameacha hata msahafu, anaogopa asije akasoma aya vibaya.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu, naondoka Alhamisi. Nitamwambia mbele yake, si kwa simu. Madaktari wanatarajiwa tena mwezi wa tano, na safari hiyo nitamfuata mwenyewe siku moja kabla, tulale Amu.

Nisalimie Shifaa na watoto. Rumaisa anakusalimu. Mola akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu salama.

Ukitaka kunikasirikia una haki, nami sitajitetea. Ila ukiikunja barua hii mpigie mama yako kabla ya jambo jingine lolote, umtake radhi kwa lile karipio. Usimwambie sababu. Hiyo niachie mimi.

Nduguyo anayekupenda na anayekuonea haya,
Abubakr