Bata Ametaga Ndani ya Helju: Kumbukumbu za Kikao cha Kamati ya Wageni na Mambo ya Kale ya Bahari, Kisiwa cha Tuulelaid

Tarehe: Jumanne, 23 Mei 2023
Mahali: Jikoni kwa Endla (ukumbi bado una baridi)

Waliohudhuria
Ilmar – Mwenyekiti
Ahto – fundi wa boti
Endla – mwenye nyumba ya wageni
Vaike – mtunza mnara wa taa
Leelo – Katibu, pamoja na mtoto Mirt, ambaye hana kura

Asiyehudhuria
Kaupo – yuko Ufini kwenye kazi ya ujenzi. Alitoa udhuru. Ni mume wa Katibu.

KUMB. NA. 1/2023: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na mbili jioni. Alimwomba Shangazi Vaike aweke chini soksi anazofuma. Shangazi Vaike alijibu kwamba anafuma kwa mikono, masikio yapo huru. Kikao kiliendelea, na soksi pia.

KUMB. NA. 2/2023: YATOKANAYO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba wageni wa kwanza wanafika Jumamosi tarehe 3 Juni, na kwamba boti ya zamani, Helju, imekwisha kutengenezwa. Ilikubaliwa tangu majira ya baridi kwamba Kaupo aache ujenzi, arudi awe nahodha wake, awapeleke wageni kwenye miamba wanakoota jua sili, wanyama wa baharini. Bosi wake anataka jibu Ijumaa hii: anaongeza mwaka au haongezi. Katibu aliomba jambo hili liandikwe, nalo limeandikwa.

KUMB. NA. 3/2023: BATA
Ahto alieleza kwamba aliacha mlango wa banda wazi ili mbao zipumue, na tanga kuukuu alilikunja ndani ya boti. Bata bahari ameingia, ametaga juu ya tanga, na sasa anaatamia.

Endla aliuliza ni mtu gani anayeacha mlango wazi mwezi wa Mei kisiwani hapa. Ahto alisema ni mtu ambaye boti yake haiozi.

Mwenyekiti alisema Helju imekauka mno na lazima iingie majini kesho, mbao zivimbe na nyufa zijifunge, la sivyo siku ya wageni itavuja kama chujio. Alipendekeza kiota kihamishwe taratibu, na tanga lake, hadi kwenye majani nyuma ya banda.

Shangazi Vaike aliacha kufuma. Alisema: "Ilmar, mwanangu, wewe umezaliwa hapa au umeletwa na meli ya barua? Ndege akitaga kwenye boti, boti ni yake mpaka watoto waingie baharini. Ukimhamisha, anayaacha mayai."

Mwenyekiti alisema anaijua desturi, lakini desturi haikuwa na wageni.

Endla alisema: "Shangazi, watu wameahidiwa boti. Tutawaonyesha nini, soksi zako?"

Shangazi Vaike alisema wanaweza kuonyeshwa, ni nzuri.

Mwenyekiti aliwarudisha kwenye ajenda.

Kura zilipigwa. Kuhamisha: Mwenyekiti na Endla. Kuacha: Shangazi Vaike na Ahto. Ilibaki kura ya Katibu. Endla alimwambia, "Leelo mdogo wangu, fikiria nyumba yako. Hakuna boti, hakuna nahodha." Katibu aliomba nafasi ya kumbadilisha mtoto nepi. Alipewa.

Aliporudi, Katibu alisema kwamba asubuhi alichungulia bandani. Yule bata amejinyofoa manyoya ya kifuani akayafunika mayai, kifua kimebaki kitupu, na alipomwona mtu hakuruka, alijilaza tu chini zaidi. Katibu alisema hawezi. Alipiga kura bata aachwe.

Iliamuliwa: bata aachwe. Helju isubiri.

Endla alimwongezea Katibu supu bila kuombwa.

KUMB. NA. 4/2023: WAGENI SASA WAONE NINI
Ahto alipendekeza wageni waone mnara wa taa, watembee kwa miguu hadi ufuko wa sili, kisha wamtazame bata kutoka mlangoni, mmoja mmoja, bila viatu.

Mwenyekiti alisema wageni wa mjini hawajui kunyamaza, sili watakimbia na bata pia. Alisema anatakiwa mtu wa kutembea nao ambaye akiwa kimya na wao wanaona aibu kusema. Alipendekeza Kaupo aitwe vilevile, boti iwepo isiwepo, na Helju ikishaingia majini aichukue.

Shangazi Vaike alisema: "Kaupo? Huyo tangu ajue kusema hajamaliza sentensi."

Mwenyekiti alisema ndiye huyo huyo anayetakiwa. Wajumbe wote waliunga mkono, Endla akiwa wa kwanza kuinua mkono.

Kaupo alipigiwa simu, sauti ikawekwa juu. Mwenyekiti alimweleza habari yote, ya mlango, tanga, bata, kura na jinsi mke wake alivyopiga. Alieleza kwa kirefu. Upande wa pili ulisikika msumeno, kisha msumeno ukazimwa.

Kaupo alisema: "Haya. Nakuja."

Katibu aliuliza kama hilo liandikwe kuwa ni kukubali. Mwenyekiti alisema kwa Kaupo hiyo ni hotuba, iandikwe yote.

Imeandikwa yote.

KUMB. NA. 5/2023: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa mbili kasorobo usiku, jua likiwa bado juu kama kawaida ya huku mwezi wa Mei. Wajumbe waliombwa wapite mbali na banda wakirudi nyumbani.

Ilmar, Mwenyekiti ....................
Leelo, Katibu ....................