Deki ya Kumwonyesha Baba

Mama,

Shikamoo. Mengi yamebadilika hapa Rasbura tangu uondoke, lakini hili la Baba ndilo linaloninyima raha. Alianza kwa kusahau kofia yake. Halafu akasahau njia ya msikitini, ile aliyoipita maisha yake yote, akaletwa nyumbani na majirani. Siku hizi ananiuliza, "Mama yako bado yuko shamba?" Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama ndiyo kwanza anapata taarifa ya msiba. Sikuthubutu tena. Sasa namjibu kwamba uko salama, kisha natafuta kazi ya kufanya jikoni.

Ninachoogopa zaidi, Mama, ni kwamba siku moja ataacha kuuliza.

Ndipo nikaikumbuka CD ya harusi ya dada Somoe. Wewe na kamera hamkupatana kamwe. Picha yako tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho, umekunja uso kama umeitwa polisi. Lakini kwenye CD ile unatembea, unacheka, unazungumza. Shida ni kwamba kaka Shabani alituletea televisheni kubwa bapa kutoka Dar, ile yetu ya chogo akaigawa, na deki ya zamani ina nyaya za rangi tatu ambazo televisheni mpya haina pa kuzichomeka. Ilibidi nitafute deki nyingine.

Nilimpigia dada Somoe huko Masoko. Akaniambia, "Usimwonyeshe. Utamtonesha kidonda." Nilikaa na maneno hayo kifuani. Je, kama yeye ndiye anayeona sawa? Hata hivyo nilifunika cherehani, nikaifunga CD yako ndani ya kanga, nikaenda mjini nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme alinishauri nichukue deki ya Blu-ray. "TV yako ni HD, dada. Deki hii hata picha za zamani inazisafisha kidogo." Nikampa CD aijaribu. Ikazunguka, ikakwaruza, kisha kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba hakuna diski. Nilidhani nimekupoteza mara ya pili, mbele ya watu waliokuja kununua pasi na feni.

Muuzaji aliitoa, akaifuta kwa kitambaa laini. Alisema CD zilizochomwa na wapiga picha wa harusi hukataliwa na baadhi ya deki, ndiyo maana ni vizuri mtu aje na yake dukani. Akaiweka kwenye deki ndogo ya DVD, nayo ina waya wa HDMI unaoingia kwenye televisheni yangu. Nilifumba macho. Sauti yako ilitangulia: "Usinipige mie, mpige bibi harusi."

Nikamwomba aizime. Sikutaka kukuona kabla ya Baba. Nikaichukua deki ile ile iliyokubali kukusoma, na nikamsihi kwanza akunakili kwenye flashi, maana CD yenyewe imejaa mikwaruzo.

Baba alipomaliza kuswali alasiri nikamketisha sebuleni. Nikabonyeza rimoti. Ukatokea umevaa sare ya kitenge, umebeba sinia la biriani. Baba alikukazia macho.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mama, Baba."

"Siye. Mke wangu hakuwa mnene hivi."

Nikasema moyoni, basi, siku niliyoiogopa ndiyo imefika. Nilitaka kuizima. Lakini nilipotazama tena nikaona hata Somoe, aliyekuwa mwembamba kama uzi siku ile, ana mabega ya mbeba mizigo, na magurudumu ya gari la harusi yamelala kama mayai. Kumbe televisheni ni pana na picha ni ya zamani, imewavuta nyote. Nikahangaika na rimoti. Nikabonyeza pasipotakiwa, sauti ikapotea, ikarudi. Hatimaye nikapata sehemu ya kupunguza upana wa picha. Pembeni kukabaki weusi, na wewe katikati ukarudi kuwa wewe, na shingo yako ndefu.

Baba akasogea mbele kwenye kiti.

"Ehe. Huyo ndiye." Halafu akacheka. "Siku hiyo alininyima biriani. Nilichelewa kuleta kuni."

Hilo sikuwahi kulisikia. Hukutuambia, Mama.

Mliposimama kucheza alikufuata kwa macho. Kisha akasema taratibu, bila mimi kumkumbusha, "Tulimzika, siyo?"

"Ndiyo, Baba."

Nilijiandaa kumshika. Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, akainyooshea kidole televisheni. "Rudisha pale anapocheka."

Nikarudisha.

Sitakuficha, kesho yake aliamka akauliza tena uko wapi, na hofu yangu haijaisha. Kila asubuhi namchungulia usoni nione kama bado tumo kichwani mwake. Lakini nakuahidi hivi: siku atakapokuwa hanijui mimi wala wewe, sitamkasirikia. Nitakaa karibu yake nimweleze sisi ni nani, na akisahau nitamweleza tena.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Huku mimi nipo naye.

Mwanao,
Zuhura