Stesheni ya Karatasi

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwogesha Baba, nimempa uji, nimerudi kwa karatasi zangu. Paa linanisumbua. Nakunja karatasi ya manila juu ya sindano ya kufuma, mstari kwa mstari, mpaka ifanane na mabati. Mbili zimepasuka. Tangu akili ianze kumpotea, Baba anadai arudi kazini Naro Moru, alikokuwa stesheni masta wa reli. Kila asubuhi anatafuta kofia. Nimeona nimletee stesheni, ndogo ya karatasi, hapa hapa Chaka.

Alhamisi, 9 Mei

Mwangi amepiga simu kutoka mjini Kenol. Ndugu yangu huyu ana duka la vifaa vya ujenzi na ushauri mwingi. Ati nisimpe mzee vitu vya watoto wa nasari. Ati nimpeleke matembezi. Yeye hajakanyaga hapa tangu Krismasi. Nilikata simu. Baadaye wembe ukanikata kidole. Damu kwenye ukuta wa ofisi. Nimerudia ukuta mzima.

Jumanne, 14 Mei

Jana jirani alibaki na Baba, nikaenda Naro Moru kupima. Sentimita moja kwa kila mita. Dirisha la tiketi ni dogo kuliko nilivyokumbuka. Leo nimelikata upya.

Ijumaa, 17 Mei

Imekwisha. Nimeiweka mezani mbele yake. Akapitisha kidole ukingoni mwa platifomu. Akaniambia pale ndipo alipokuwa anasimama na bendera. Hajaongea hivyo tangu mwaka jana. Nikafurahi. Halafu akanishika mkono.

"Mwangi, umefanya kazi nzuri."

Nilimwambia ni mimi, Wanjiru. Akasema Wanjiru yuko jikoni.

Nilienda jikoni. Nililia. Hasira, si huzuni.

Jumapili, 19 Mei

Mwangi amekuja na mkewe na mchungaji wao. Baba akawaonyesha stesheni. Ati kijana wake ameijenga kwa mikono yake. Mchungaji akampa Mwangi mkono. Nilisimama na birika la chai nikingoja ndugu yangu afungue mdomo.

Akafungua. "Ni kitu kidogo tu, Baba."

Sikumwagia mtu chai. Nilitamani.

Walipoinuka kwenda, Baba akamwambia Mwangi aibebe, ni yake. Nilimfuata mpaka kwa gari nikamwambia aiache.

"Usisumbue mzee," akasema. "Si ni karatasi tu? Utatengeneza ingine."

Akaiingiza kwenye buti, kando ya viazi nilivyowafungia mimi mwenyewe.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumatano, 22 Mei

Baridi. Baba ameuliza stesheni iko wapi. Nimemwambia imeenda Kenol na aliyeijenga. Ameridhika. Amesema huyo kijana ana mkono mzuri.

Nimemkata kucha za miguu, nimemvalisha soksi. Amelala kwenye kiti.