Wifi Ananiambia Nijaze Sifuri

Mpendwa mshauri wa redioni,

Naomba msaada, kichwa kimejaa na wanangu pacha hawanipi nafasi ya kufikiri, mmoja mgongoni, mwingine ananivuta gauni. Mimi ni karani wa takwimu kwenye ofisi ya afya, na tangu mafuriko yaje kazi yangu ni kupokea hesabu ya wagonjwa wa kuhara kutoka kila kituo na kuiingiza kwenye kompyuta, wakubwa huiona papo hapo na ndipo wanapoamua dawa ziende wapi. Sasa kituo cha bondeni kimenyamaza, mnara wa simu umeangushwa na maji, na mkuu wangu anataka nijaze sifuri ili ripoti isiwe na pengo. Mkuu mwenyewe ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyeniingiza kazini. Nikamwambia, "Wifi, hatujui kama hawana wagonjwa." Akacheka: "Mama Pacha, asiyelia hana msiba. Jaza!" Nikapaacha wazi, akajaza mwenyewe, na boti ya dawa ikapangiwa kwingine. Mume wangu anasema nisimwaibishe dada yake, mama mkwe amenuna, salamu haitikii. Nikiwaambia wakubwa, si nitafukuzwa kazini na nyumbani?

Mama Pacha

Mdogo wangu Mama Pacha,

Pole, tena pole sana. Ila nawe umenichekesha: wifi ya ofisini, ile ya intaneti, inafanya kazi vizuri, wifi wa nyumbani ndiye anayekata mawasiliano!

Asiyelia hana msiba? Mwambie asiyelia huenda amekwisha kuzama. Sifuri maana yake tumehesabu, hakuna mgonjwa. Nani amehesabu? Umelijua hilo, umelisema, halafu ukanywea kwa sababu mama mkwe kanuna. Mwache anune, hajafa mtu kwa kununiwa. Kwa kuhara wanakufa.

Usimzunguke wifi yako. Mwite mbele ya kompyuta, kwa heshima zote, mfute sifuri na muandike "hakuna mawasiliano". Akikataa, mpigie daktari mkuu aliye juu yake, yeye akisikia, uombe mtu apelekwe bondeni akahesabu kwa macho. Mumeo mwambie aibu ya dada yake mtaizungumza mkiwa mmekaa, chai mezani. Mtoto anayeishiwa maji mwilini hangoji kikao cha ukoo.

Najua unanisikiliza. Zima redio, shika simu.