Kumbukumbu ya Mama Chupa: Maji Haya Yametoka Wapi?

Mwaka umekatika, dada, tangu utuache, na bado kila mmoja wetu akishika bilauri anakusikia nyuma ya bega: "Maji haya yametoka wapi?" Uliuliza nyumbani, ukauliza kazini, ukauliza hata harusini kwangu. Mhudumu akakujibu, "Yametoka jikoni, mama." Nawe: "Na jikoni yaliingia kwa miguu?" Bibi harusi wangu akaiweka bilauri chini taratibu. Hakunywa kitu mpaka tulipofika nyumbani.

Tulicheka mpaka basi. Ila tuliokua nawe tulijua si mzaha. Ilikuwa hofu.

Ulikuwa na miaka minane kipindupindu kilipoingia kijijini. Kisima chetu kilikuwa wazi, mvua ikisukumia humo kila uchafu. Siku mbili ulilala kwenye mkeka, macho yamezama, ngozi ikifinywa hairudi. Mimi nilisimama mlangoni, naogopa kuingia, naogopa kuondoka. Shangazi akamwita fundi seremala. Akainama, akakunyooshea futi kutoka utosini mpaka kisiginoni. Shangazi akamnong'oneza, "Kazikate mbao sasa hivi. Huyu hafiki jioni."

Ukafumbua jicho moja, ukauliza, "Mnanipimia gauni?"

Fundi aliacha futi hapohapo akatoka mbio. Mama akakupakata, akaendelea kukunywesha maji ya kuchemsha yenye chumvi na sukari, kama muuguzi alivyomwelekeza, kijiko kwa kijiko. Jioni ikafika, na wewe ukafika nayo. Mbao zilikuwa zimeshakatwa. Baba alizichukua akazigonga, zikawa mfuniko wa kwanza wa kisima kile. "Zikifunike kisima kilichotaka kumfunika mwanangu," alisema.

Hofu haikukutoka, ukaifanya kazi. Ulisomea ufundi wa maji. Ulishuka visimani ukipima kina kwa kamba yenye mafundo, maana tangu siku ile futi hukuishika maisha yako yote. Ulisakafia midomo ya visima, ukafunga pampu, ukawafundisha kina mama kubadili mipira iliyochakaa wenyewe, "msimngoje fundi ambaye hata simu hapokei." Na vile vichupa vyako! Unatia maji juu ya dawa, unasubiri siku mbili. Yakiwa na uchafu wa choo, yanageuka meusi. Kwa kuwa vinataka joto, ulivifunga kiunoni kwa kanga, ukatembea navyo kama kuku anayeatamia. Shemeji alipokupeleka kwao kukutambulisha, mama yake akavisikia vikigongana. "Mwanangu," akasema, "huyu umemtoa kilabuni?" Umama Chupa ukaanzia hapo.

Sasa tukwambie ya mwaka huu, dada, maana hatuna mwingine wa kumwambia.

Baada ya mvua kubwa, binti yako alifunga kiunoni chupa ya kisima chetu. Siku ya pili, mchana, aliifungua kanga, tukamwona anakaa chini. Ilikuwa nyeusi ti. Na mjukuu wako, mwenye miaka miwili, alikuwa anaharisha tangu asubuhi.

Binti akambeba mtoto kwenda zahanati. Shemeji akachukua spana yako, nikamfuata kisimani kuung'oa mpini wa pampu. Mfyatua tofali mmoja akatujia juu: "Mnatufungia maji kwa ajili ya kichupa? Mwenyewe si alishakufa?" Wengine wakamuunga mkono, wakaanza kumzonga shemeji. Hapo ndipo yule fundi seremala, siku hizi mtu wa mkongojo, alipojikongoja akakaa kwenye benchi la kusubiria zamu. Lile ulilolitengeneza kwa mfuniko wa zamani. Akaugonga ubao.

"Mbao hizi nilizikata za mtoto wa miaka minane," akasema. "Futi ninayo mfukoni. Nani kati yenu anataka nikampimie wake?"

Mfyatua tofali mwenyewe akaja kushika mpini upande wa pili.

Siku tatu hizo, dada, hatutaki tena kuziona. Binti yako na kijiko, kijiko na binti yako. Kila ndugu aliyeingia zahanati alimfinya mtoto ngozi aone kama inarudi, mpaka muuguzi akatufukuza: "Tokeni! Ugonjwa utamwacha, nyie ndio mtammaliza!" Tuliokuwa kisimani tulikuta ufa kwenye sakafu uliyoijenga, tukauziba, tukatia dawa, tukafunga vichupa upya, huku kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kufungua kanga.

Chupa ya tatu tuliifungua jana. Maji yake hayakugeuka rangi. Mpini umerudi. Mtoto pia amerudi, anakimbia huku na huko na mashavu yake. Tulipompa maji kikombeni aliyatazama, akamtazama babu yake, akasema, "Wapi?" Shemeji alitoka nje, akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, ambaye kiuno chake sasa ndicho chenye vichupa, mjukuu wako, mimi mdogo wako, uliyeniita Domo, na mke wangu; pia shangazi, anayeona aibu ya jioni ile mpaka leo, na fundi seremala, aliyekuja kukupima mara ya pili, siku ulipotuacha, kwa kamba yako ya mafundo, akaiacha futi nyumbani.

Hatutakusahau, dada. Na hatutakunywa kabla ya kuuliza.